Kijumba Kisicho na Mguu

Jamani wenzangu, nyinyi mliokula yale mahindi ya manjano ya wakati wa vita, mko wapi? Tumebaki wangapi? Mimi niko, alhamdulillahi. Macho yaona kwa taabu, magoti yalia kama mlango mkuukuu, lakini mdomo haujazeeka. Mjukuu wangu amekaa hapa na kalamu yake, aniambia, "Nyanya, sema polepole." Polepole mimi siijui. Nikianza hadithi ni kama mtungi uliopasuka, maji yatafute yenyewe pa kwenda.

Leo nawapa habari ya siku tuliyokwenda kuchagua kijumba cha mbao. Msicheke. Najua mtasema bibi huyu amekosa la kusimulia. Ngojeni.

Sisi tulikaa Timbwani, huku Likoni. Watoto wa siku zile tulikuwa watoto wa mchanga. Viatu vilikuwa vya Idi, na Idi ikipita vyatundikwa ukutani vingoje Idi nyingine, na ikifika hiyo nyingine mguu haungii tena. Asubuhi chuoni na ubao wako, mwalimu na bakora yake, twasoma kwa sauti mpaka kuku wa jirani wakajua juzuu. Mimi niliishia Amma, nikatolewa, maana nyumbani kulikuwa na kazi. Tukitoka chuoni ni mdako kwa kokoto tulizookota pwani, au kibe, kujificha na kutafutana, nyuma ya vyoo vya makuti, au kukwea mikorosho. Na njaa! Lakini njaa yenyewe ilikuwa tamu, kwa sababu kipande cha muhogo wa kuchoma na pilipili ya kusaga na chumvi, ukikila na wenzako wanane, kila mmoja amnyang'anya mwenzake, kilishinda biriani za siku hizi ambazo mtoto azipiga picha kwanza, akazila baadaye, akabakisha nusu.

Nyumbani tulikuwa mimi, baba yangu Hamisi ambaye alikuwa kuli ng'ambo bandarini, mama yangu Mwanamisi, nyanya yangu mzaa baba, na mdogo wangu Salimu aliyekuwa bado mgongoni. Mimi ndiye Mwanasiti. Jina langu siku moja lilikuwa likiitwa mara mia. "Mwanasiti!" "Abee!" "Mwanasiti we!" "Abee nyanya!" Ukichelewa kuitika, ukelele wa nyanya wafika kivukoni.

Chakula chetu kilitoka shamba. Lakini shamba si letu. Kwetu pwani, mliozaliwa hapa mwajua, mtu aweza kuwa na nyumba na ardhi iliyo chini yake ni ya mwingine, aweza kuwa na mnazi na mchanga ulioshika mizizi ni wa mwingine. Shamba tulilolima lilikuwa la Bwana mmoja wa kisiwani. Sikupata kumwona hata siku moja, tulisikia tu "Bwana". Tuliyemwona ni nokoa wake, yaani msimamizi, Mzee Faraji. Mtu mrefu, mkavu, kofia nyeupe pee, mcha Mungu wa kweli wala si wa kujionyesha. Alitupa ruhusa ya kulima mahindi, kunde na muhogo, basi. Mnazi marufuku. Mwembe marufuku. Na kubwa kuliko yote, nguzo marufuku. Alikuwa na neno lake: "Nguzo ikizama kwenye ardhi ya Bwana, mwaka huu ni kibanda, mwaka kesho ni nyumba, mwaka wa tatu mwaniambia ardhi ni ya babu yenu."

Sasa shida ilikuwa hii. Mahindi yakianza kubeba, lazima mtu akae shambani kutwa kuamia, kufukuza tumbili na kima na ndege. Wale tumbili wa Likoni, wallahi, walikuwa na akili kuliko madiwani. Ukiinuka kwenda haja, unarudi mstari mzima umevuliwa maganda. Mwaka uliotangulia mama alijenga kibanda cha makuti, nguzo nne tu, akakaa humo na Salimu mchanga. Nokoa akaja, hakugomba, hakutukana. Aling'oa nguzo moja moja, akazipanga vizuri pembeni, akasema, "Mwanamisi, nilisema." Mvua ya masika ikamkuta mama kwenye uwazi na mtoto mgongoni, kajifunika jani la mgomba. Siku tatu baadaye Salimu kifua kilikuwa kikipiga kama mvukuto wa mhunzi. Tulimwangalia tukidhani ndiyo basi. Mungu akamrudisha. Lakini mama aliapa: "Mwaka huu nisipopata pa kujisitiri, jembe naliweka chini. Silimi. Mtoto wangu simrudishi mvuani."

Na akiacha kulima tunakula nini? Kile cha kadi ya serikali, mahindi ya manjano ya kupimiwa, yenye fukusi kuliko unga. Baba mshahara wake wa kuli ulikuwa wa kumaliza kiu, si wa kumaliza njaa. Kwa hiyo jambo lilikuwa zito hivyo. Wakubwa walinong'ona, na sisi watoto tulisikia, kwa sababu nyumba ya udongo masikio yake ni ya watoto.

Ndipo vita vya Wazungu vikaisha. Kulikuwa na kambi ya wanajeshi upande wa pwani, siku zote tunapita mbali nayo. Sasa ikawa yavunjwa, na vitu vyake vyauzwa. Mabati, madebe, vitanda vya chuma, na vijumba vya mbao, vikubwa na vidogo. Baba akaja na habari jioni, nyanya akaacha kupepeta.

"Vijumba vyenyewe vina nguzo?" akauliza.

"Vingine vina, vingine sikuangalia, mama."

"Hukuangalia! Hamisi, mwanangu, wewe ulikwenda kuangalia nini, rangi?"

Baba alikwenda kwa Mzee Faraji kumwuliza mapema. Akamwambia, tukileta kijumba kisichochimbiwa, kilichokaa juu ya mawe tu, watuonaje? Nokoa akajibu jibu la wazee: "Nitakiona nikikiona." Basi. Si ndiyo si la. Baba akatoa akiba yake na roho mkononi, maana nokoa akikataa, mbao zitakuwa kuni.

Ilikuwa Ijumaa. Baba na wenzake watano waliswali, na kanzu zao zile zile wakaenda kambini, kwa sababu mchana huo tu ndio waliokuwa nao. Na sisi wanawake tukafuata: mama na Salimu mgongoni, nyanya na mkongojo, na mimi. Baba alisema nyanya asije, ni mbali. Nyanya akamtazama tu. Akaja.

Penye lango kulikuwa na askari mmoja kutoka bara, kijana mpole wa watu, kazi yake kuonyesha bidhaa. "Mama, chagua mzuri. Hii yote inauzwa."

"Hivi vyote vinauzwa," nyanya akamsahihisha.

"Ndio mama. Hii yote."

Nyanya akavuta pumzi. "Haya mwanangu. Mungu atakuongoza."

Vijumba vilikuwa vimejipanga kama watu wanaongoja dawa. Baba macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye kimoja cha kijani, kina dirisha la kioo na kibaraza kidogo mbele. Kizuri, nisiseme uongo. Hata mimi moyo ulinidunda, nikajiona nimekaa kwenye kile kibaraza nacheza mdako kama mtoto wa liwali. Baba akasimama mlangoni pake, mikono kiunoni, kama ameshahamia.

"Hiki," akasema.

Nyanya akakigonga kwa kifundo cha kidole, akaweka sikio. Akazinusa mbao. Akazunguka nyuma, akafukua mchanga kwa mkongojo. "Nguzo nne, zimezama hadi magotini. Na dirisha la kioo la nini, Hamisi? Tumbili wapate kujitazama?"

Wenzake baba wakacheka, na aliyecheka kuliko wote ni Ami Kombo, jirani yetu, mtu ambaye hata msibani ulimi wake haukulala. "Mama, wakijitazama watachukizwa, watahama Likoni!"

Cha pili kilikuwa chembamba kimesimama wima, kibanda cha mlinzi. Askari akakisifu sana, asema hakina nguzo, chabebwa na watu wawili. Kweli hakikuwa na nguzo. Mama akaingia ndani na mtoto mgongoni, akageuka, akabaki uso nje mgongo nje, katikati ndiko kulikokuwa ndani. Akatoka.

"Mimi nasimama tangu alfajiri," akasema. "Sitafuti pengine pa kusimama."

Vingine nyanya alivikataa kwa pua tu. Kimoja kinanuka mafuta ya taa, asema mahindi yatakuwa taa. Kimoja kina mchwa, aliwasikia. Kimoja hakutaka kusema kina nini, alikirudishia mlango akasema "Astaghfirullahi," akapita, na Ami Kombo aliyechungulia naye akatuambia kilikuwa choo cha maafisa.

Jua likawa laenda. Baba akaanza kurudi rudi kwenye kile cha kijani, akisema tukikata nguzo itakuwaje, na kila akisema hivyo mama alizidi kukaza mbeleko ya Salimu. Ndipo mimi nikakiona. Kilikuwa nyuma kabisa, karibu na bustani ya maua ya mkubwa wa kambi, maua yenyewe yamekauka. Kijumba kidogo cha mbao kisicho na rangi, cheusi kwa mvua, mlango mmoja, dirisha la ubao la kufungua kwa juu. Askari akasema kilikuwa cha mtunza bustani, cha kuwekea majembe na ndoo za kumwagilia. Alikitaja kwa haya, kama mtu anayekutajia binti yake asiye na sura.

Nyanya akakigonga. Akasikiliza. Akanusa. Akaniita.

"Mwanasiti!"

"Abee nyanya."

"Ingia chini yake. Utambae kutoka upande huu utokee upande ule. Ukigusa nguzo, niambie."

Kilikuwa kimekaa juu ya mawe, nafasi ya chini yake ni ya paka na ya mtoto mwembamba. Mimi nalikuwa mwembamba. Nikalala kifudifudi, nikaingia. Giza, utando wa buibui, harufu ya udongo mkavu. Nikatambaa mpaka nikatokea ng'ambo, nywele zote nyeupe kwa utando.

"Umeona nguzo?"

"Sikuona, nyanya."

"Umegusa nguzo?"

"Sikugusa."

"Apa."

"Wallahi nyanya, mawe tu."

Nyanya akapiga vigelegele pale pale kambini, askari akaruka. "Hakina mguu! Mwanamisi, hakina mguu!" Na askari akaongeza raha juu ya raha: kuta zake zilikuwa zimekazwa kwa parafujo, zafunguka moja moja, waweza kukibeba kimelala.

Baba akasema, "Kidogo mno."

Hatukuwa na futi ya kupimia, hata tungekuwa nayo nani aliyejua kuisoma. Mama akaingia ndani, akatandika kanga yake ya pili, akalala chali, miguu akainyoosha. Ikatosha. Akamlaza Salimu ubavuni, akatosha. Akanyoosha mkono akasukuma lile dirisha la ubao, akainua kichwa kidogo tu, akaona nje. Wanaume wote tuliosimama nao mlangoni hawajui watazame wapi, mwanamke wa watu kalala ndani ya kijumba cha serikali mchana kweupe. Tukangoja. Hakuinuka. Nyanya akainama kuchungulia, akarudi na kidole mdomoni. Salimu alikuwa amelala usingizi.

Mama akasema kutoka kule ndani, kwa sauti ndogo, "Hiki."

Baba akakitazama cha kijani mara ya mwisho, nikamwonea huruma, akaenda kulipa.

Basi wakakifungua. Kuta nne, sakafu na mapaa mawili, wakazilaza moja juu ya nyingine, wakafunga kamba, wakapitisha chini yake boriti mbili ndefu za mikoko, sita wapate kushika, watatu huku watatu huku. Manyunyu yakaanza. Nyanya akasema mbao zisilowe kabla hazijafika, akatoa mkeka aliokuja nao wa kukalia, na mwenzake baba mmoja akatoa shuka yake, wakafunika. Sisi tukabaki nyuma kukusanya parafujo na bawaba na komeo katika upindo wa kanga, wao wakatangulia.

Sasa wenzangu, fumbeni macho mwone. Ijumaa alasiri. Wanaume sita, kanzu, kofia. Mabegani wamebeba kitu kirefu kimefunikwa mkeka na shuka. Wanakwenda kimya, kwa sababu ni kizito na pumzi hawana. Na wanawake wako nyuma mbali, hawaonekani. Wewe ukiwa umekaa barazani kwako, umeona nini?

Mimi nilichoka kuokota parafujo nikawakimbilia wanaume, na nilipowafikia nilikuta si sita tena. Ni tisa. Watu watatu nisiowajua wameingiza mabega. Mbele kidogo, fundi cherehani mmoja akaacha cherehani yake, akavaa kofia, akaja mbio akampokea mtu wa nyuma. Mbele tena, wavuvi wawili wakaweka ngisi wao chini penye majani, wakanawa mikono kwenye dimbwi, wakaingia. Kwa sababu ndivyo tulivyolelewa. Jeneza halikupiti ukakaa. Wainuka, ukalibeba japo hatua chache, upate thawabu, na huulizi ni nani. Mtu ni mtu. Kisha mmoja wao akaanza kalima kwa sauti ya chini, na wote wakaitikia.

Baba yangu alikuwa mbele, kushoto. Nilimwona uso umemvimba kwa aibu. Alitaka kusema. Lakini kalima imeshaanza, utamkatizaje mtu kalima umwambie ni mbao? Akaitikia na yeye, machozi yamlenga. Ami Kombo nyuma yake mabega yakimtetemeka, na si kwa uzito.

Penye kisima wanawake wakashusha ndoo. "Maskini, jeneza pana hilo. Ni mtu mnene. Si Mzee Bakari huyo?" Mwenzake akajishika kichwa, "Ya rabi, Mzee Bakari! Jana tu nimemuuzia vitumbua!" Na Mzee Bakari mwenyewe, mnene wa watu, alikuwa kule nyuma kabisa ameshika boriti, ajikokota na jasho, aitikia kwa sauti kuliko wote.

Walikuwa wameshafika ishirini na kitu, mbao zakwenda zenyewe kama zina mbawa, hakuna tena mzigo. Ndipo tukapita msikiti mdogo, na pale mlangoni, kanzu nyeupe, kofia pee, akatoka Mzee Faraji, nokoa.

Wenzangu, nilitaka kukimbia. Nilijua tumekwisha. Lakini yeye hakutazama nyuso, alitazama jeneza. Akavua viatu, akaviacha pale pale, akaja upande wa kulia mbele, akampokea mtu, akaweka bega lake. Baba kushoto, nokoa kulia, na katikati yao mkeka umening'inia, huyu hamwoni yule wala yule hamwoni huyu. Wakaenda hivyo hatua kwa hatua, sauti ya Mzee Faraji nzito, nzuri, watu wakamfuata yeye.

Mpaka njia panda. Kushoto maziarani. Kulia shambani. Wale sita wa kwanza wakavuta kulia, wale wageni wakavuta kushoto, mbao zikasimama katikati zikayumba.

"Maziara ni huku!" Mzee Faraji akasema.

Baba akavuta kulia tena, akasema, "Twaenda huku, mzee."

Nokoa akaijua sauti. Akainama akachungulia chini ya mkeka, macho yakakutana. "Hamisi?"

"Naam, mzee. Shikamoo."

"Huku wapi?"

"Shambani. Pale tunapolima."

Sijapata kuona uso wa mtu mweusi ukigeuka majivu isipokuwa siku ile. "Shambani kwa Bwana? Mmechimba?"

"Hatukuchimba, mzee. Tumeweka mawe tu."

"Na mawe mmeshaweka!" Akashika kofia yake kwa mikono miwili. "Hamisi, mimi nguzo naziogopa, wewe waniletea kaburi! Nguzo naweza kuing'oa. Kaburi nimng'oe nani? Bwana akija nimwambie nini, kaburi lasema milele, hata wajukuu wako watakuja kulitembelea, ndiyo shamba limekwisha! Nani aliyekufa? Nani aliyetoa ruhusa?" Na machozi yalimtoka, kwa sababu alikuwa ashindwa: maiti huwezi kumfukuza, na Bwana huwezi kumkabili.

Ami Kombo ndiye aliyefunua mkeka. Mbao. Mbao nyeusi, na namba za jeshi zimeandikwa kwa rangi nyeupe.

Watu ishirini na kitu wakatazama mbao. Mzee Faraji akazigonga kwa kidole. Nyanya naye alikuwa ameshafika, anatweta, akapasua katikati ya watu na mkongojo.

"Ni kijumba, Mzee Faraji," akasema. "Cha mkwe wangu kujikinga mvua na mtoto. Hakina mguu. Huyu Mwanasiti ametambaa chini yake, ameapa."

Akawa amwangalia nyanya. Akaangalia mbao. Akaniangalia mimi na utando wa buibui kichwani. Halafu akakaa chini kwenye nyasi, na yule mtu ambaye Likoni nzima hakuna aliyewahi kumwona jino, akacheka. Akacheka mpaka akajifuta macho kwa kofia.

"Mbao!" akawa asema. "Alhamdulillahi! Mbao!"

Zikaanguka cheko pale njia panda, hata wale wavuvi waliokumbuka ngisi wao. Mzee Bakari peke yake alikasirika. "Mimi nimebeba tangu kabla ya kisima, bega limechubuka! Thawabu yangu iko wapi?"

"Mtu hulipwa kwa nia yake, Bakari," nokoa akamwambia. "Ulinuia maiti, thawabu ya maiti unayo." Kisha akainuka, akakung'uta kanzu. "Nami nimebeba tangu msikitini. Nikikataa sasa si nitakuwa nimebeba bure? Haya, inueni. Juu ya mawe, Hamisi. Siku Bwana akikitaka mahali pake, mwakiondoa."

"Tutakiondoa kama tulivyokileta, mzee."

"La!" nokoa akasema upesi. "Mchana, bila mkeka, na mkiimba."

Mama alikuwa amefika nyuma, na habari alipewa na wanawake wa kisimani kwa vipande vipande. Alisimama pembeni na Salimu, upindo wa kanga umejaa parafujo. Kisha akageuka nyumbani mbio, maana alikuwa amepika muhogo wa nazi wa watu sita. Siku ile uliliwa na watu ishirini na saba, kila mtu kipande cha dole gumba, na hakuna aliyelala na njaa, au kama alilala nayo hakusema.

Masika yakaja kama kawaida yao, ya kumwaga kwa ndoo. Nami nikakimbia na uji shambani, nikamkuta mama ndani ya kijumba, dirisha la ubao limeinuliwa, Salimu apiga makofi kwa kila ngurumo. Mvua ikigonga juu ya paa, na sisi wakavu. Mama akaniambia, "Amia wewe kidogo." Akalala. Mama yangu mimi sikuwahi kumwona amelala mchana hata siku moja, nilidhani mama hawalali. Nikakaa mlangoni na manati yangu, nikamlinda kuliko nilivyoyalinda mahindi.

Siku hizi wajukuu zangu wana stoo zao za mabati. Yule wa Mjambere aliichagua kwa kidole kwenye simu, ikaletwa na lori, wakaishusha watu wanne ambao hata majina yao hakuyauliza, na jirani yake hajui mpaka leo kwamba ana stoo. Nilimwuliza, "Uliingia chini yake?" Akacheka. Asema, "Nyanya, ina garantii." Haya. Shamba lile lenyewe sasa ni maploti, nyumba juu ya nyumba, nguzo zimezama mpaka kuzimu, na kila mtu ana kesi na mwenzake. Sisemi zamani kulikuwa pepo. Mtoto aliweza kufa kwa mvua tu. Wacha wapate mabati, wapate dawa, wapate taa. Lakini mambo mengine nayakosa.

Juzi jeneza lilipita hapa mlangoni kwangu, watu wachache walioshika, na wale waliobeba mbele jasho lawatoka. Vijana wawili wamekaa juu ya pikipiki, mmoja akapunguza muziki kidogo, nikamwombea dua hata kwa hilo. Mjukuu wangu akaniambia, "Kaa, nyanya, utaanguka." Mimi nikainuka, nikashika mwimo wa mlango, nikasimama mpaka wakapinda kona. Sikuuliza ni nani. Ingekuwa ni mbao pia, wallahi, ningeinuka.